Usiguse Ubongo wa Gari Kabla ya Kupima Betri

Ikiwa unanisoma ukiwa Konoin, Bureti, Belgut au Sotik, nakuamkua kwa lugha ya huku kwetu: Chamgei! Mimina chai yako, vuta kiti, kwa maana leo nina jambo la kukueleza ambalo limeniuma roho kwa muda mrefu.

Kama ulilelewa katika vijiji vya huku miaka ya tisini, bila shaka unaikumbuka safari ya betri. Kijana wa boma aliifunga betri ya gari kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaisukuma hadi sokoni Litein au Silibwet, akamwachia mwenye chaja na kuirudia jioni. Betri yenyewe haikuwa na gari. Kazi yake ilikuwa kuwasha ile televisheni ndogo ya Great Wall isiyokuwa na rangi, ambayo majirani wote walikuja kuitazama.

Nasi watoto tuliijua dalili ya msiba. Picha ilianza kunywea pande zote, msomaji wa habari akakonda hadi akawa kama mwiko, kisha giza. Mzee alikuna kichwa na kusema, "Betri imelala." Basi nasi tukaenda kulala. Hasara yetu ilikuwa nusu ya taarifa ya habari, basi.

Siku hizi, msomaji wangu, betri ikilala wakati mbaya waweza kupoteza gari zima. Hebu nikueleze kisa kilichotufika nyumbani kwetu, kisha nikufunze namna ya kukikwepa.

NUSU SAA TU

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Konoin. Baada ya kuweka akiba ya bonasi ya majani chai kwa misimu kadhaa, na kuongeza mkopo wa chama cha ushirika, alijinunulia gari dogo la Kijapani, yale yanayoingia nchini kupitia Mombasa yakiwa tayari yametumika. Gari lilikuwa zuri ila lilikuwa na kasoro moja: gia zake za otomatiki ziligutuka kila lilipopanda mlima. Nawe wajua huku kwetu hakuna safari isiyokuwa na mlima.

Kijana mmoja wa jirani, aliyesomea mambo ya kompyuta chuoni, alimwambia kwamba dawa haiko kwenye vyuma bali kwenye programu. Kampuni iliyounda gari ilikuwa imetoa programu mpya ya kompyuta ya gia. Kilichohitajika ni laptopu, waya wa kuchomeka chini ya usukani na muda kidogo.

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa tisa alasiri. Gari lilikuwa uani, swichi imewashwa, injini imezimwa kama programu ilivyoagiza. Kijana aliuliza swali moja la maana, "Mwalimu, betri iko sawa?" Shemeji akajibu, "Asubuhi iliwasha injini mara moja tu." Nami nilipouliza ni kazi ya muda gani, nikaambiwa, "Nusu saa tu, shemeji."

Basi nikaingia kiti cha mbele. Nikafungua redio nisikilize mpira. Nikachomeka simu yangu ipate moto. Watoto nao wakawa wanafungua milango na kuifunga, na kila mlango ulipofunguliwa taa ya ndani iliwaka.

Wingu jeusi likatanda kutoka upande wa msitu wa Mau, kama kawaida ya alasiri za huku. Kulipoingia giza, taa kubwa za mbele zikajiwasha zenyewe, kwa kuwa gari hilo lina jicho la kuhisi mwanga. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitilia jambo hilo maanani. Kwenye laptopu hesabu ilikuwa imefika asilimia 71. Haikusonga tena.

Redio ikakoroma, ikanyamaza. Kijana akatoa macho. Alipozima swichi na kuiwasha tena, taa zote za onyo zikajaa kwenye dashibodi, na gia haikutoka pale ilipokuwa. Gari likawa kibanda.

Sasa sikiliza kilichoniuma. Jumatatu alfajiri mama yetu alikuwa na miadi na daktari wa moyo, miadi aliyoingojea kwa miezi mitatu. Gari lile ndilo lingempeleka. Tulikodi gari la watu, tukafika tukiwa tumechelewa, tukangoja hadi jioni mama akiwa ameketi kwenye benchi. Nalo gari la mwalimu lilivutwa kwa kamba hadi lami, likabebwa mpaka Nakuru, ambako fundi wa kompyuta za magari alikifungua kile kisanduku na kukiandika upya mezani. Gharama yake ilikula karo ya muhula mzima.

Dada yangu hakutukaripia. Alitumiminia chai, akaniangalia, akauliza swali moja tu, "Kwani huo mpira ulikuwa wa nani na nani?" Msomaji wangu, sikuweza hata kukumbuka.

KOMPYUTA INAFUTA KABLA YA KUANDIKA

Huenda ukauliza: iweje betri ambayo iliwasha injini asubuhi ishindwe na kazi ya kompyuta isiyosukuma chochote?

Huku ni nchi ya wanariadha, basi nitumie mfano wa riadha. Kuwasha injini ni mbio za mita 100. Betri hutoa nguvu nyingi mno, lakini kwa sekunde mbili tatu, na mara injini ikishika, alteneta huanza kuirudishia ilichotoa. Kuweka programu ni marathoni. Injini imezimwa, alteneta imelala, na kwa muda wa dakika 20, 40 au hata zaidi ya saa moja, betri hutoa bila kurudishiwa chochote. Mkimbiaji wa mita 100 si lazima aimalize marathoni.

Isitoshe, swichi inapokuwa imewashwa, gari la kisasa huamsha kompyuta zake zote. Usidhani ni moja. Kuna ya injini, ya gia, ya breki, ya mifuko ya hewa, ya milango na ya redio. Gari la kawaida laweza kuwa na makumi ya kompyuta ndogo ndogo, na baadhi ya magari ya kifahari yana zaidi ya 100. Zote zanywa kutoka mtungi mmoja.

Kisha kuna jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Mwalimu akitaka kuandika somo jipya, kwanza hufuta ubao. Kompyuta ya gari nayo hufuta programu ya zamani ndipo iandike mpya, kipande baada ya kipande. Umeme ukipungua katikati, ubao una nusu ya somo: la zamani limefutwa, jipya halijakamilika. Kompyuta ya namna hiyo haijui tena namna ya kubadilisha gia wala kupulizia petroli.

TUPIGE HESABU

Betri nyingi za magari madogo zinazouzwa madukani Kericho na Bomet huitwa NS40 au NS60. Ile NS60 hubeba takriban ampea 45 kwa saa ikiwa mpya na imejaa. Tuseme swichi, kompyuta na feni zinakula ampea 15. Kwa hesabu ya karatasi, betri hiyo itafika nusu baada ya saa moja na nusu. Yaonekana yatosha.

Lakini betri yako si mpya. Ina miaka mitatu, na uwezo wake huenda umebaki nusu. Jana ulikwenda sokoni na kurudi tu, haikujaa. Hapo saa moja na nusu imekuwa dakika 40 au chini yake. Ongeza taa za mbele, ambazo peke yake zaweza kula ampea 10 zikiwa za balbu za kawaida. Ongeza redio na simu ya shemeji asiyekuwa na haya. Sasa unajua kwa nini tulikwama kwenye asilimia 71.

Kifaa cha kukuokoa ni kidogo na bei yake ni ndogo: mita ya kupimia volti, ile ambayo mafundi wa stima hutembea nayo mfukoni. Liache gari lipumzike saa kadhaa, au usiku kucha, kisha pima kwenye vichwa vya betri huku kila kitu kimezimwa. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. Ikisoma 12.4, imebaki kama robo tatu, ichaji kwanza. Ikisoma 12.2, imefika nusu, usithubutu kuanza. Ikiwa 12.0 au chini, hiyo ni betri yenye njaa.

Usiishie hapo. Washa taa kubwa kwa dakika chache injini ikiwa imezimwa, kisha pima tena taa zikiwaka. Ikianguka chini ya volti 12, betri hiyo ni dhaifu hata kama awali ilisoma vizuri. Halafu mwombe mtu awashe injini huku wewe ukitazama mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, tafuta betri nyingine kabla ya kuwaza mambo ya programu.

Neno moja kwa wenye magari yanayojizima yenyewe yakisimama. Hayo hutoka Japani na betri maalumu, zenye maandishi kama M-42, Q-85 au N-55. Wengi wetu zikifa huzibadilisha na ya kawaida kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Gari litawaka, ndiyo, lakini betri hiyo haikuundiwa kazi hiyo nayo huchoka mapema. Ipime mara mbili.

FUNZO KUTOKA KIWANDA CHA CHAI

Kiwanda cha chai hakitegemei nyaya za stima peke yake. Majani yakishasagwa, hayangoji. Stima ikipotea, jenereta hunguruma. Mwenye kiwanda anajua kwamba kazi iliyoanza haiwezi kusimamishwa nusu. Nawe fanya vivyo hivyo.

Njia iliyo bora ni kuunganisha kifaa cha kulisha betri kutoka kwa stima ya nyumba wakati wote wa kazi. Kwa gari dogo, kifaa cha ampea 20 hadi 30 hutosha aghalabu. Magari makubwa ya Ulaya huhitaji ampea 50 au zaidi. Kiwe cha kisasa, kinachoshikilia volti mahali pamoja, katikati ya 13 na 14 hivi, bila kupanda na kushuka.

Zile chaja nzito za zamani, zinazonguruma kama nyuki kule sokoni, ni nzuri kwa kujaza betri usiku kucha lakini si kwa kazi hii. Volti zake hurukaruka, na kompyuta haipendi mrukoruko. Jaza betri kwa chaja hiyo jana yake, kisha iondoe.

Na usisahau kwamba stima yetu nayo ina tabia zake. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Huku Kericho, sehemu mojawapo inayonyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, radi na upepo hazingoji hitilafu ya kitaifa. Kwa hiyo betri yenyewe iwe nzima na imejaa, ili stima ikipotea iweze kumaliza kazi peke yake. Na kazi uifanye asubuhi, jua likiwa limewaka. Alasiri ni ya mvua, kila mchuma chai anajua hilo.

Ukikosa kifaa hicho, waweza kuongeza betri ya pili ya volti 12, ya asidi kama ya kwako, iliyojaa kabisa. Unganisha kwa nyaya nene: chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri ya pili kwenye chuma cha injini mbali na betri. Ukiondoa, anza na ulichounganisha mwisho. Fanya hivyo kabla ya kuanza programu, si katikati. Usivute sigara karibu, kwa maana betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Tahadhari tatu. Usichukue umeme kutoka lori la majani chai. Mengi ya malori hayo yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, nazo zitaichoma kompyuta yako mara moja. Usitegemee gari la jirani huku injini yake ikinguruma, kwa maana volti zake hupanda na kushuka kila likikanyagwa. Na usichanganye betri ya gari na betri ya sola ya lithiamu. Hizo ni kabila mbili tofauti.

KABLA YA KUBONYEZA

Funga milango yote na uwaeleze watoto kwamba leo gari si uwanja wa michezo. Zima redio, feni na taa. Kama taa zinajiwasha zenyewe, geuza swichi yake iwe imezimwa kabisa. Chomoa simu. Vuta breki ya mkono.

Kisha kumbuka kwamba kuna betri ya pili katika kazi hii: ya laptopu. Iwe imejaa na imechomekwa kwenye stima, na uizuie isisinzie wala isianze kujisasisha yenyewe. Usiichaji kutoka kwenye tundu la sigareti la gari, kwa maana hapo unamwibia mgonjwa chakula chake. Pakua programu yote kwanza, usiitegemee intaneti katikati ya kazi.

Ikiwa gari lako ni haibridi, yaani lenye injini na mota ya umeme, usidanganyike na betri yake kubwa. Kompyuta bado hutegemea betri ndogo ya volti 12, ambayo katika baadhi ya magari imefichwa nyuma. Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kamwe. Hizo huua.

Tena usiikate betri ovyo ukidhani unasaidia. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani zikikosa umeme hujifunga, zikadai kadi ya ramani au nambari ya siri iliyobaki Japani. Wengi wamelipa fedha kufunguliwa redio kwa sababu tu walikaza kichwa cha betri.

IKIKATIKA KATIKATI

Je, yakikufika yaliyotufika? Usipaparike, na usizime swichi kwa haraka kama kijana wetu. Kwanza rudisha nguvu: unganisha kifaa au betri nzima huku swichi ikiwa ilivyo. Soma maneno yaliyo kwenye laptopu. Kompyuta nyingi za magari zina sehemu ndogo ya kumbukumbu isiyofutwa, inayosubiri tu kuambiwa ianze upya. Rudia programu ile ile kutoka mwanzo. Mara nyingi hupona. Isipopona, usijaribu programu ya kuokota. Mtafute fundi anayeweza kukifungua kisanduku na kukiandika mezani.

Na kuna kazi ambazo singekushauri uzifanye uani hata kwa betri tatu: kompyuta ya breki, ya usukani na ya mifuko ya hewa. Hizo zikikosewa, hasara si karo. Gari lisilokuwa na tatizo nalo liache lilivyo.

Mwisho, nawasemesha akina baba. Mambo haya mazungumze na mama watoto kabla ya kugusa gari. Si kwa ajili ya ruhusa, bali kwa sababu yeye ndiye anayejua nani ana miadi Jumatatu, nani anafungua shule na fedha zipi zimewekwa kando. Mwaka wa 2025 wakulima wa huku kwetu walilia sana kwa kushuka kwa bonasi. Si wakati wa kuichezea shilingi.

Shemeji siku hizi ana mita yake, ameiweka kwenye droo pamoja na chaki. Mwezi mmoja baada ya gari kurudi, kuna gari la mwalimu mwenzake lililohitaji kazi kama ile. Walipima usiku, wakapima alfajiri, wakaanza saa mbili asubuhi kwa kifaa cha kuazima. Mimi nilikuwapo. Nilisimama nje mikono nyuma, simu imezimwa, nikawazuia watoto. Ilichukua dakika 43, na gia zikatulia.

Mama naye anaendelea vyema na dawa zake. Anapopanda lile gari huniuliza kwa mzaha kama mpira umekwisha.

Tahadhari kabla ya hatari, msomaji wangu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Tukutane Jumapili ijayo Mola akipenda, tuzungumzie matairi na barabara zetu za matope. Jumapili njema.